Walidhani Nimenenepa

Jumapili, Sironga. Mvua imenyesha tangu jana na haijachoka. Aliyechoka ni mimi, nimechoshwa na miguu yangu mwenyewe.

Jana mlangoni pa kanisa, Nyaboke wa kwaya alinishika mkono akasema, "Mama Moraa, sukari ya wengine inakondesha, yako inanenepesha. Kweli kuzaa msomi ni raha."

Nikageuka kidogo ili na wengine wanione vizuri. Kwani uongo? Moraa wangu ni mfamasia Kisii mjini, wa kwanza ukoo huu kuvaa koti jeupe. Nitasema mpaka wachoke.

Ila chini ya rinda nilikuwa nimevaa patipati za Baba Moraa. Viatu vyangu vya Sabato havinitoshi tena.

Na nilijua miguu imevimba.

Moraa ndiye aliyenipeleka kwa daktari nikabadilishiwa dawa ya sukari, na nilimtangazia kila mtu. Sasa wakisikia nimevimba, si watasema ananilisha sumu? Kwa hivyo akinipigia simu ya video, namwonyesha uso tu. Hata maji nikapunguza kunywa. Miguu haikusikia.

Leo amekuja bila kuniambia. Ameziona patipati, akachuchumaa, akanibonyeza muundi kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale kama kwenye unga wa chapati.

"Mama, huu si unene. Ni maji."

Akanieleza. Hii dawa inaufanya mwili uisikie insulini, sukari inashuka. Lakini kule kwenye figo kuna chembe ndogo ndogo zinazochagua kipi kitoke na mkojo na kipi kirudi kwenye damu. Dawa inazifanya ziwe bahili, zinarudisha chumvi iliyokuwa inatoka. Na chumvi haitembei peke yake, inavuta maji.

Yaani dawa inaniondolea sukari kwa mkono huu, kwa ule inaniloweka kama maharagwe. Nani aliomba hayo?

"Ukipanda kilima na mzigo wa majani chai, unahema?"

Nikavuta rinda kufunika miguu.

"Nakuuliza kama mfamasia."

"Basi mwambie mfamasia nahema."

Hapo akakasirika kweli. Akasema maji hayo yanaweza kuulemea moyo, na kwamba siku ya kwanza kabisa aliniambia nikivimba nimpigie. Ni kweli aliniambia. Akampigia daktari palepale, naye akasema hiyo dawa nisiimeze tena, kesho asubuhi anione.

Nikamwambia sababu yangu, kwamba watu watamsema.

"Waniseme tu, Mama. Nisemwe wewe ukiwa hai."

Nikaenda kugeuza ugali.

Kesho naenda Kisii na patipati zangu, anayetaka kucheka acheke. Na Sabato ijayo nitamwambia Nyaboke mwenyewe kwamba yale yalikuwa maji, na binti yangu aliyagundua kwa kidole kimoja.

Hilo nalo nisijivunie?