Simu ya Promosyo na Kicheko cha Mama Mkwe

Jumamosi

Na bado iko na moto, hii simu. Bwana yangu aliinunua soko la Kimanga kwa promosyo, bei ya kushushwa, akaichokonoa ndani na kuilazimisha ikimbie kupita nguvu zake, eti mama yake wa kule Mulenge, mlimani, asikwame tena kwenye video.

Leo tuliifunga kitambaa cha maji kama mtoto mwenye homa, tukampigia. Akakwama vilevile. Ni rezo, mtandao wa mlimani, si simu! Nilitaka kumwambia bwana, lakini alishaanza kuichokonoa tena.

"Ngoja niiongeze mbio," akasema.

"Weye, wacha! Itaungua."

Mama alikuwa amekwama kwenye kioo akicheka, meno yote nje. Hakuna aliyekata simu. Tukapokezana ule moto, kila mmoja akiushika mpaka vidole vimshinde.