Magazeti Yako Yamerudi, Baba Othmar

Leo unatimia mwaka mzima, Baba, tangu asubuhi ile ya tarehe 9 Agosti ulipotuacha kahawa ikiwa bado vichanjani, na Mwalimu Aidan wa Matiri bado anatembea, anakula, na afya yake ni nzuri. Tungependa kuanza na wema wako. Lakini kuna mtu ameshika gazeti hili sasa hivi akitafuta jina lake, na si uungwana kumchelewesha. Jina la ukoo wake tumeliacha kwa heshima ya mama yake, ambaye hakutukosea kitu.

Sasa wema wako.

Uliishia darasa la nne, Othmar Nombo, ukawa mkulima wa kahawa na mahindi hapa Litembo, na kwa miaka thelathini na nane ulikusanya magazeti ya zamani. Watu walidhani ni ya kuwashia moto. Uliyatoa chini ya magodoro ya wenzako, kwenye kuta zilizobandikwa makaratasi, kwenye majalada ya madaftari ya shule. Ulimpa mtu gazeti la jana, yeye akakupa la mwaka sabini na tisa, akaondoka akicheka kwamba leo amempata mjinga. Ulimwacha acheke. Hata ulimsindikiza.

Mara mbili kwa mwaka ulishuka ziwani. Pale Mbamba Bay Mwanakombo aliuza maandazi, naye alikuwa na marundo ya magazeti ya kufungia aliyoyarithi kwa marehemu mumewe. Ulinunua andazi, ukalila polepole, huku ukilikunjua gazeti kama mtu anayevua bandeji.

"Baba Othmar," alikuuliza siku moja, "wewe unanunua andazi au unanunua karatasi?"

"Karatasi, dada yangu. Andazi nakula kwa adabu tu."

Akakutukana, akakuongezea mawili, na kuanzia hapo hakufungia mtu andazi kwa gazeti la zamani kabla wewe hujalipitia.

Habari za ukurasa wa kwanza hukuzijali. "Hizo kila mtu anazijua," ulisema. "Fungua katikati, ndiko watu wanakoishi." Katikati kulikuwa na mtu wa Liuli aliyemlalamikia mhariri kwamba meli imechelewa siku nne na embe zake zimeanza kutoa maji. Kulikuwa na tangazo la baiskeli iliyopotea yenye kengele mbili, na mwenyewe anasema wazi kwamba akirudishiwa kengele peke yake atashukuru. Kulikuwa na picha ya wasichana wamepanga foleni ya sabuni, mmoja anacheka mpaka jino la mwisho, katika mwaka ambao sisi tulifundishwa kwamba hakuna mtu aliyecheka. Jioni ulituita, ukatusomea hayo kwa sauti ya mtangazaji. Mwanao Hilda alijua kusoma kabla hajapelekwa shule, kwa sababu ya baiskeli ile.

Kila Septemba, kahawa ikishaondoka, uliyapanga magazeti juu ya vichanja yapate upepo, kila moja na jiwe lake. Mama aliyageuza kwa mkono uleule anaogeuzia kahawa. Wapita njia waliuliza kama nayo yanapelekwa kukobolewa.

Pembeni mwa kila gazeti uliandika ulikolipata, na siku yenyewe, na hali ya hewa. Uliandika kwa penseli, ili gazeti lisiumie. Chemshabongo tu ndiyo uliyoijaza kwa kalamu ya wino. Ulisema yale masanduku ya herufi yaliwekwa ili yajazwe, na wewe si mtu wa kumwachia mwenzio kazi nusu.

Siku ya tatu baada ya maziko, Mama, Tadea wako, akiwa bado mkekani na kitambaa cheusi kichwani, Mwalimu Aidan alifika na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Mliwahi kukaa benchi moja kanisani, basi alilia kwa kiasi chake. Kisha akachuchumaa mbele ya Mama.

"Pole sana, shemeji. Lile suala la magazeti, marehemu alishaniambia niyatunze mimi. Hapa mchwa watayamaliza."

"Alikuambia lini?"

"Tulikuwa na mazungumzo yetu, shemeji. Ya mambo ya kusoma."

Ndugu wakatikisa vichwa kukubali. Mtu mstaafu, ana nyumba ya saruji, ana kabati la vioo. Mama hakuwa na nguvu ya kubishana siku ile, macho yenyewe yalikuwa hayafunguki sawasawa. Alisema tu, mbele ya wote, "Haya, unayaazima. Nitakuja kuyachukua." Mwalimu akasema amesikia. Marobota kumi na moja, magazeti mia tatu na kumi na mbili, yakapakiwa, na kirikuu kikaondoka kikivuta vumbi mpaka Mama alipokipoteza kwenye kona.

Alipomaliza miezi mitatu ya msiba, Mama alikwenda kuyachukua. Mara ya kwanza aliambiwa Mwalimu katoka, ilhali viatu vyake vilikuwa mlangoni. Mara ya pili kapumzika. Mara ya tatu mkewe alimwandalia chai akasema Mwalimu anaandika. Mara ya nne mbwa ndiye aliyempokea. Mara ya tano Mwalimu alitoka mwenyewe, kashika miwani.

"Shemeji, sasa unayahitaji ya nini? Wewe utasoma?"

Baba, unajua jinsi Mama anavyosoma. Anasoma mpaka maandishi ya chini kabisa kwenye mifuko ya mbolea. Lakini siku ile aligeuka akaondoka. Alirudi kwa miguu, na jibu lilimjia akiwa ameshafika mtoni. Lilikuwa refu na lina majina ya wanyama, kwa hiyo tumeliweka akiba. Tangu hapo alitaka jambo moja tu: yarudi yote, na mbele ya watu isemwe kwamba ni yako.

Mwezi Machi kibao kikapigiliwa nyumbani kwake: Chumba cha Historia cha Mwalimu Aidan. Jumatatu ya Pasaka angekifungua rasmi. Walialikwa walimu, wazee wa parokia, na mtangazaji wa redio kutoka Songea. Mama aliposikia hakulia wala hakufoka. Alimalizia kupepeta mahindi yake, akamwambia binti yako Beata, "Mpigie Mwanakombo. Mwambie apande basi, na asisahau miwani."

Siku hiyo waliketi wawili benchi la mwisho. Sebule ilikuwa imejaa, na magazeti yako, Baba, yamewekwa kwenye vioo kama mikate. Mwalimu alivaa suti.

"Miaka thelathini," akasema, mkono kifuani, "miaka thelathini nimeyakusanya haya, moja moja, kwa jasho langu. Shemeji Tadea, karibu mbele!"

"Ahsante, Mwalimu. Huku panatosha, mimi ni wa kusikiliza."

Akasikiliza robo saa. Akamsikia Mwalimu akieleza habari ya meli na embe. Akamsikia akieleza kengele mbili, kwa maneno yako, kwa sauti yako ya mtangazaji, hata pale unapokohoa. Hapo ndipo aliponyoosha kidole juu kama mwanafunzi.

"Swali, Mwalimu."

"Uliza tu, shemeji, usiogope."

"Hilo ulilolishika. Ukurasa wa nyuma pana chemshabongo. Hebu tusomee."

Mwalimu akacheka. "Chemshabongo ni michezo ya watoto, shemeji. Hapa tuko kwenye historia."

"Msomee tu mama," akasema mtangazaji, akasogeza kinasa sauti.

Akageuza ukurasa. Tunajua kwa nini hakuwahi kuugeuza: hakudhani kwamba mtu wa darasa la nne angeweza kugusa chemshabongo. "Kulia, namba saba," akaanza kwa sauti ya darasani. "Mto mrefu kuliko yote barani Afrika." Akalisogeza gazeti karibu na macho.

"Umejaza nini hapo?" Mama akauliza.

Mwanakombo akainuka, akapita katikati ya watu, akavaa miwani yake, akachungulia begani kwa Mwalimu.

"Tadea," akasoma. Akatazama tena. "Ndiyo. Masanduku matano. Tadea." Kisha akasoma linalofuata: "Chini, namba tatu, mji mkuu wa Ufaransa. Beata. Ehee! Na hapa, kisiwa kikubwa cha Bahari ya Hindi: Kunigunda."

Kunigunda ndiye mama yako, Baba, ambaye hakuwahi kuvuka Kitai.

Watu wakaanza kucheka kidogo kidogo, wale wa nyuma kwanza. Mwanakombo hakuwahurumia. "Mwalimu, kwa hiyo Afrika nzima ina mto unaoitwa jina la mke wa mwenzio, nawe umeufungia kabatini?"

"Labda marehemu alipokuja kunitembelea aliomba kalamu..."

"Fungua jingine," akasema Mama.

Mlima: Tadea. Mnyama mwenye pembe puani: Tadea, na hapo sanduku moja lilibaki, ukaweka moyo. Rais wa kwanza wa nchi fulani ya mbali: mwanao Xaveri, aliyekuwa na wiki mbili tangu azaliwe. Jingine. Jingine. Wazee wa parokia walikuwa wamejishika mbavu.

"Alikutembelea mara mia tatu na kumi na mbili," Mama akasema, "na kila mara ukamkaribisha kalamu, ukamtazama anavyoandika jina la mkewe kwenye magazeti yako. Una moyo wa pekee, Mwalimu." Akasimama, akajifunga khanga vizuri. "Magazeti haya ni ya Othmar Nombo wa Litembo. Sema."

Mwalimu akasema. Akasema kwa sauti ndogo. Mtangazaji akamwomba arudie, kwamba chombo hakikushika vizuri. Akarudia. Redio ilirusha mara zote mbili, na sisi tulisikiliza tukila nyama ya Pasaka iliyobaki, na tunakiri kwamba haijawahi kuwa tamu vile.

Siku tatu baadaye marobota yalirudi kwa kirikuu kilekile, na dereva peke yake. Mama akahesabu: kumi na moja. Akafungua la kwanza, akatazama pembeni, mahali pa penseli yako. Palikuwa peupe. Akafungua la pili. Akafungua mpaka giza likaanza kuingia, na hakula siku ile. Yule mtu alikuwa ameketi wiki ngapi hatujui na raba, akikufuta gazeti kwa gazeti, Mbamba Bay yako, mvua zako, tarehe zako zote.

Hapo, Baba, ndipo tulipoacha kucheka.

Sasa kila asubuhi Mama anabeba magazeti machache nje, anainua moja moja na kuligeuza upande upande mpaka jua lianguke kwenye mikwaruzo ya penseli. Anachoweza kukisoma anakiandika upya palepale, safari hii kwa wino. Mpaka leo ameokoa arobaini na mawili. Moja linasema: "Hospitali, nasubiri Tadea ajifungue. Mvua. Nimelisoma mara tatu sijaelewa kitu." Lile hakutuonyesha kwa wiki nzima. Mia mbili na sabini bado, na mengine yalisuguliwa mpaka karatasi ikatoboka.

Wiki iliyopita Mwalimu alimtuma mwenyekiti wa jumuiya. Mama alimwandalia chakula kwanza, maana mjumbe hana kosa.

"Mama Beata, Mwalimu anaomba radhi. Na anaomba jambo hili liishie nyumbani. Amesikia mnaandaa kumbukumbu ya gazetini, na ana wajukuu wanaosoma."

"Mwambie nimemsamehe. Padri aliniambia nisamehe, nikasamehe siku ileile kabla ya chakula cha mchana. Hilo ni langu mimi na Mungu. Gazeti ni la wasomaji."

"Lakini gazeti linakaa, mama. Mtu atakuja kulikuta miaka hamsini ijayo."

"Ndiyo maana," akasema Mama, akamwongezea mboga.

Misa ya kukuombea inasomwa leo Jumamosi saa nne asubuhi, na baada ya misa magazeti yako yatakuwa nyumbani juu ya vichanja viwili tulivyoviondolea kahawa. Kila mtu anakaribishwa, afungue katikati.

Mama hatakaa na wageni muda mrefu. Basi linaleta gazeti hili mchana. Atanunua nakala mbili, atapanda bodaboda hadi Matiri, atabisha hodi, atamwamkia Mwalimu vizuri kama alivyolelewa, na atamkabidhi moja mkononi. "Hili wala usilifiche," atamwambia. "Wageni wakiuliza, waambie ni lako. Mara hii hakuna atakayebisha."

Unakumbukwa na mkeo Tadea; wanao Beata, Xaveri na Hilda; wajukuu wote; dada yako wa ziwani Mwanakombo; na mdogo wako Egidi, aliyesaidia kupakia marobota siku ile na ambaye bado tunazungumza naye kuhusu hilo.

Pumzika, Baba. Hatutakusahau mpaka siku na sisi tutakaposahauliwa.