Chupa Ambayo Shangazi Ngosa Hakuimaliza

Maman Hortense, wewe unayejibu barua za watu wenye shida, unisamehe kwa mwandiko, nakuandikia nikiwa nimejifungia chumbani kama mwizi, maana sebuleni baba na wajomba wanapanga siku ya kumfukuza shangazi yangu, na sababu ni mimi, na mdomo wangu umekuwa mzito, haufunguki.

Nina miaka ishirini na sita, naishi Ruashi kwa wazazi, naimba kwaya parokiani, sauti ya kwanza, na kabla hujaanza kunicheka nikuambie kwamba bia nakunywa, lakini kidogo, moja, mbili kama kuna sikukuu, na Jumamosi ile ilikuwa sikukuu kwa sababu rafiki yangu Syntiche alikuwa anatimiza miaka na alitualika kwenye terrasse, baa ya nje karibu na kwetu, jua likiwa bado kali, watu wazuri, muziki mzuri, na shangazi Ngosa naye akaja bila kualikwa kama kawaida yake.

Lazima nikueleze shangazi Ngosa ni nani, la sivyo hutauelewa upumbavu wangu. Ni dada mkubwa wa baba, mjane, zamani alifanya biashara ya kuvuka mpaka kule Mokambo, sasa anakaa kwetu, na ana tabia mbili ambazo avenue nzima inazijua: ya kwanza, anamaliza vinywaji vya watu, ukienda kucheza ukirudi unakuta glasi yako imekauka na yeye anaangalia juu kama anatafuta ndege, ya pili, hajawahi kuacha bia yake mwenyewe hata tone, hata siku ile mvua ilipong'oa mabati kwenye harusi alikimbia na chupa mkononi huku viatu ameviacha. Na kwa kuwa waume wawili walimfia na macho yake ni mekundu, watu wa ukoo wanasema pembeni kwamba ni mchawi. Wewe unajua mwenyewe tulivyolelewa, Maman, tangu utotoni tunaambiwa chupa ifunguliwe mbele ya macho yako, mwenyeji aonje kwanza, kizibo ukirudishe juu ya mdomo wa chupa, yote hayo kwa kuogopa mikono ya ndugu. Basi siku ile nilizifuata sheria zote, ila nilizifuata dhidi ya shangazi. Nilikaa mbali naye, nilifunika glasi yangu kila alipokohoa, na nilipotaka kwenda chooni nilimpa Gérard glasi nikamwambia, "Unichungie verre yangu, tantine asiikamate."

Gérard ndiye mpiga kinanda wa kwaya yetu, mtu mzima kidogo, shati lake limepigwa pasi mpaka kwenye kola, hapandishi sauti, motoka anayo, na ana moyo wa kusaidia, kila kwenye sherehe msichana akichoka ni yeye anayempeleka nyumbani, hata Kiki aliyekuwa anaimba kando yangu alimpeleka mwaka jana, ingawa baada ya hapo Kiki aliacha kwaya na hatukujua kwa nini.

Niliporudi nilikunywa kama nusu ya glasi, haikuwa na ladha yoyote ya ajabu, na kabla wimbo haujabadilika mara nyingi miguu yangu ikawa kama bukari, ugali wetu, ambayo haijashika, maneno yakawa yananitoka nusu nusu, nikamwita Syntiche kwa jina la mama yangu, na hiyo ilikuwa bia yangu ya pili tu, nakuapia. Kuanzia hapo kichwa changu kina mashimo. Nakumbuka Gérard amenishika kwapani anawaambia watu nimechoka tu, "Iko fatiguée, nitamupeleka ku nyumba." Nakumbuka shangazi amesimama kati yangu na mlango wa motoka, ananuka bia, anasema polepole kabisa, "Ule mutoto ni wa ndugu yangu. Nitarudia naye na mikulu." Na kwa miguu tukarudi kweli. Syntiche anasema tulivuka barabara tumekumbatiana kama walevi wawili, na kwamba chupa ya shangazi ilibaki mezani nusu mpaka mhudumu akaimwaga, na kwamba yeye mwenyewe alicheka mpaka machozi.

Nilitapika, nikalala, nikaamka jua limeshapanda na kichwa kinapiga ngoma. Baba akauliza nilikuwa na nani, wakamwambia nilikuwa na shangazi, na hapo moto ukawaka, wote wakasema mchawi ndiye aliyenitilia kitu. Shangazi alijieleza mbele ya wote, na maelezo yake ndiyo yaliyomharibia zaidi, maana alisema alikuwa anaivizia glasi yangu aimalize, ndiyo sababu hakuiondolea macho, na hapo akauona mkono wa Gérard unadondosha kitu ndani, na alipokuwa anazunguka meza kuja kwangu mimi nilikuwa nimesharudi na kunywa. Nani atamsadiki mwizi wa bia dhidi ya mpiga kinanda? Gérard mwenyewe amekuja kuniona na mananasi, akasali na wazazi wangu, na ndiye aliyesema kwa upole kwamba labda tantine angepumzika vizuri zaidi Mokambo. Jumapili hii baada ya misa ni kikao cha familia, na baba amemwomba Gérard akifungue kwa sala.

Mimi sikuona mkono wa mtu, nina mashimo tu. Nikisema, parokia nzima itajua nilikuwa terrasse nakunywa bia na kumwachia mwanaume glasi yangu, na labda nitakuwa nimemsingizia mtu wa Mungu. Nikinyamaza, shangazi anaondoka na jina la mchawi mgongoni, na mzee mwenye jina hilo hapokelewi popote. Nifanye nini, Maman?

Mimi, Sauti ya Kwanza, Ruashi

*

Sauti ya Kwanza, binti yangu,

Kaa chini, kunywa maji, uliyojichotea mwenyewe. Pole sana. Kilichokupata si ulevi, wala si aibu yako. Mtu akitia kitu kwenye kinywaji cha mwenzake, mwenye kosa ni mwenye mkono, hata kama ulikuwa unakunywa bia, hata kama ungekuwa umekunywa kreti nzima. Hilo ulishike kabla hujasoma mengine, kwa sababu mengine ni kugombezwa.

Wewe ulimwekea shangazi yako ulinzi kama wa benki, kisha ukamkabidhi fisi bucha. Sheria za mama zetu ni nzuri, mimi mwenyewe nazifuata mpaka leo, lakini hazikusema uangalie nani ana macho mekundu na nani amepiga pasi. Anayetaka kukutilia kitu haji na pembe kichwani. Anakuja na mananasi. Kikulacho ki nguoni mwako: wahenga walisema nguoni, hawakusema kwa shangazi peke yake.

Sasa soma tena barua yako kama vile imeandikwa na mwingine. Bia mbili hazimfanyi mtu aliyezizoea amwite rafiki yake kwa jina la mama yake. Miguu inayokataa ghafla, ulimi mzito, kichefuchefu, usingizi unaokuburuta, kisha mashimo kwenye kumbukumbu: vikija vikubwa kuliko ulichokunywa, hiyo ni dalili, na usingoje dalili ya pili. Unasema haikuwa na ladha ya ajabu. Ndivyo ilivyo, vingi havina ladha wala harufu wala rangi, na mara nyingine ni pombe kali tu imeongezwa kimyakimya, kwa hiyo hata dada anayekunywa sucré, soda tu, hajasalimika.

Siku ileile ulitakiwa hospitali. Vitu hivi vinatoka mwilini haraka, vingine kwa saa chache, ndiyo maana mkojo na damu vinapimwa mapema. Umechelewa, na labda hakitaonekana kitu, lakini kesho asubuhi nenda hata hivyo, mweleze daktari yote na umwombe aandike alichosikia. Shangazi alifanya vizuri kukutoa pale, ila kukulaza tu nyumbani hakukutosha. Mtu wa hali ile haachwi peke yake, analazwa ubavu ili asipaliwe na matapishi, na kama haamki au pumzi inakwenda vibaya anabebwa hospitalini usiku huohuo. Mwambie, ajue kwa siku nyingine, ingawa naomba siku nyingine isiwepo.

Na wewe siku nyingine ukiiacha glasi, hiyo imekufa, usirudi kuifufua. Agiza nyingine, au uende nayo chooni, afadhali uchekwe. Akikuletea mtu chupa ambayo imeshafunguliwa, mshukuru na umwachie ainywe mwenyewe. Mkitoka wawili mnarudi wawili, na mmoja akilegea ghafla, mwenzake anamwita mhudumu au mwenye terrasse kwa sauti ya kusikika, wala hamtoi kwa mtu yeyote mwenye haraka ya kufungua mlango wa motoka, hata awe askofu. Hilo limfikie Syntiche, aliyecheka mpaka machozi. Kama angecheka kidogo na kutazama zaidi, shangazi asingekuwa peke yake.

Tuje kwa Gérard. Mimi si hakimu na sikuwa mezani. Lakini umeliweka jina la Kiki katikati ya sentensi ndefu, haraka haraka, kama mtoto anayeficha sahani aliyoivunja, na mimi nimeliona. Nenda kwa Kiki. Usimhoji. Mweleze yaliyokupata wewe, halafu nyamaza, umwache anyamaze au aseme. Akisema, nendeni pamoja polisi, na padri naye aambiwe nani anawapeleka wasichana wa kwaya yake nyumbani. Asiposema, wewe nenda na yako. Na motoka ile, kuanzia leo, usiipande hata mvua ikinyesha mawe.

Unaogopa kumsingizia. Basi usiseme usichokiona. Sema ulichokijua: glasi nilimwachia Gérard, nikanywa nusu yake, nikaanguka, Gérard akataka kunichukua, shangazi akanitoa. Hakuna uongo hapo hata mmoja. Alichokiona shangazi atakisema shangazi, kazi yako ni kuhakikisha safari hii anasikilizwa. Ama aibu ya bia, binti yangu, padri wenu anajua kwaya yake inakunywa nini tangu zamani, anawasikia asubuhi mnavyoikosa noti ya juu.

Umeuliza nani atamsadiki mwizi wa bia. Mimi namsadiki, na ushahidi umeniletea wewe bila kujua. Mwanamke aliyekimbia mvua bila viatu lakini na chupa mkononi, siku ile aliacha chupa nusu mezani akakushika wewe. Hakuna mtu sebuleni kwenu asiyejua maana yake. Baba yako anamjua dada yake kuliko anavyomjua mpiga kinanda, tatizo ni kwamba hajaambiwa habari ya ile chupa.

Kwa hiyo usingoje Jumapili. Leo hii toka chumbani, mwite baba peke yake, umwambie hiyo habari ya chupa kwanza, na ya Gérard baadaye. Jumapili akifika mtu wa kufungua kikao kwa sala, wewe uwe umeshasimama, useme, kisha uchukue kiti chako ukiweke kando ya shangazi Ngosa, ubavu kwa ubavu, wote waone umekaa upande gani.

Kikao kikiisha mnunulie bia, ifunguliwe mbele ya macho yake. Yako uishike mkononi, maana huyo hatakutilia kitu, lakini ukigeuka hutaikuta. Akiimaliza, agiza tena. Ile nusu ya Jumamosi bado anakudai.

Maman Hortense