Nyigu wa Kifuani

Nyasura, Bunda
4 Machi 2024

Mama mpendwa,
Shikamoo. Mimi sijambo, sijui wewe na goti lako. Uliuliza huku maabara nafanya nini hasa. Nanusa mahindi, mama. Kiwavi akianza kutafuna bua kwa ndani, mmea hutoa harufu ambayo sisi watu hatuisikii. Nyigu wadogo weusi huisikia, wakaja kummaliza. Mimi naikamata harufu hiyo kwenye chupa. Wale niliowaachia shambani kwetu usiwaue, hawaumi.

Mwanao,
Euphrasia

Butiama
29 Machi 2024

Mwanangu Euphrasia,
Marahaba. Huku wazima, mvua tu ndiyo inatusumbua. Nyigu wako wameliacha shamba, wamenihamia mimi. Nikitoka nje asubuhi wananikaa kifuani, upande wa kushoto, wametulia kama vifungo. Nimebadili gauni, nimeoga na mwarobaini, wapi, wanarudi palepale.

Marehemu baba yako, mwaka ule wa mwisho, wadudu kama hawa walikuwaga wanamkaa tumboni. Tuliwafukuza na moshi wa samadi. Na mimi nimeanza kufukiza.

Mama yako

Nyasura, Bunda
2 Aprili 2024

Mama,
Shikamoo. Zima huo moshi. Jumamosi nakuja, twende hospitali Musoma. Usiniulize kwa nini, naogopa kuandika.

Mwanao,
Euphrasia

Mwisenge, Musoma
11 Mei 2024

Mwanangu,
Hujambo? Hapa kwa mama yako mdogo wananitunza vizuri. Mkono bado mzito, ila kidonda kimefunga. Daktari alisema uvimbe ulikuwa mdogo kama punje ya mtama, akashangaa nani aliniambia niwahi. Nikamjibu nina binti mtaalamu. Ya nyigu sikumwambia. Tangu nikatwe huo uvimbe hawajanijia tena.

Jumapili ulipokuja kunitazama, ulikaa dirishani ukinimenyea chungwa. Walikuja wawili, halafu saba, wakakukaa shingoni, chini ya sikio. Uliwapangusa ukaendelea kunipa habari za maabara, wakarudi palepale. Nilijiambia ni harufu ya kazi yako imekuganda. Siku sita nimejidanganya hivyo, na usingizi sijapata.

Usinijibu kwa barua, na usifukize. Njoo. Njia ya kwenda pale hospitali nimeshaijua, safari hii nitakupeleka mimi.

Mama yako