Divai ya Povu na Kambale

Dada Debora, shikamoo. Huku Mikumi mimi mzima, jua linachoma. Jana lami ya barabara tunayojenga ilifika kambini kwetu, bosi Mtaliano akatumiminia divai nyekundu yenye povu kama soda. Nikanywa funda moja, nikafuta kikombe, nikampa mwenzangu, kama kanisani. Mpishi wetu Mama Rehema, mjane kama mimi, akanicheka: "Baba Yohana, hapa si madhabahuni! Kunywa, kula!" Basi nikanywa na kambale, na mbuzi wa kuchoma, na maharage ya pilipili. Inapatana na vyote. Tangu mke wangu afariki sijawahi kushiba vile. Krismasi nije na huyu mama? Ukikubali, chupa naleta mimi. Hata mlenda wako itauweza. Mungu akulinde, dada.