Saa ya Maji ya Nguruwe

Jumatatu, 8 Agosti 1994

Nimelisha nguruwe. Nimefagia banda. Nimemwaga maji. Kama jana, kama juzi. Umeme hakuna, na nimeacha kuuliza.

Nguruwe saba, na Madamu, jike mkubwa, ana mimba. Hao ndio wanaotulisha tangu kiwanda cha shaba kiliponyamaza. Mshahara wa mume wangu, Baba Kalenga, umebaki jina tu. Labo, maabara ya kiwanda nilimofanya kazi, imefungwa, hata kufuli lina kutu. Majirani bado wananiita Mama Labo. Wengine kwa heshima, wengine kwa kunicheka. Naitika wote.

Asubuhi Papa Mumba, shefu wa mtaa, amesimama kwenye uzio kati ya lupango lake, kiwanja chake, na letu. "Mama Labo, mayi ya nguruwe yako iko inaenda mu kisima. Mvula ya kwanza ikinyesha na ile mayi ingali ivi, nguruwe itatoka. Yote." Bibi yake, mkewe, yuko nyuma yake, kafunga pua na kitambaa.

Hasira imenipanda mpaka masikioni. Kuhusu maji anasema kweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Lakini nguruwe hawatoki.

Jumatano, 10 Agosti

Nimefungua kitabu cha kemia nilichotoka nacho labo. Kuna ukurasa mmoja niliousoma zamani nikacheka. Mikrobi wanaoishi kwenye tope pasipo hewa wanakula uchafu, na wakila wanatoa umeme. Kidogo sana. Unaweka kitu cha kuupokea chini topeni, kingine juu kwenye maji yanayogusa hewa, waya katikati. Wakishakula, maji yanakuwa safi.

Basi, waache wale. Wanasafisha maji kabla ya mvua, nguruwe wanabaki. Umeme ni wa ziada tu.

Hapana, najidanganya. Nautaka na umeme pia. Sebuleni kuna saa ya ukutani, zawadi ya kiwanda kwa Baba Kalenga kwa miaka ishirini ya kazi. Imesimama saa tatu na robo tangu betri yake ilipokufa. King'ora cha kiwanda nacho hakilii tena. Mtaa mzima tunakisia saa kwa kuangalia jua. Naona aibu kuishi hivi.

Jumamosi, 13 Agosti

Mapipa manne, yameachwa na majirani waliofukuzwa, wakapanda treni kwenda Kasai. Sipendi kufikiria walivyoyaacha. Nimeyaosha mwenyewe.

Kila pipa lina tope la banda chini na maji ya nguruwe juu. Kila asubuhi nitahamisha maji kwa ndoo, pipa hadi pipa, na mwisho yapite kwenye changarawe na matete ndipo yaingie mferejini.

Nilipomwambia Baba Kalenga nahitaji kitu cha kupokea umeme, ameruka kutoka kitini. "Shaba! Ile ni kazi yangu!" Amekata sahani nane, amezisugua na majivu mpaka unajiona uso. Anapiga mluzi. Sijamsikia akipiga mluzi tangu mwaka juzi. Nimefurahi kuliko alivyojua.

Jumatano, 17 Agosti

Mshale wa kipimo cha umeme umesogea! Si sana. Umesogea!

Baba Kalenga ameita mtaa mzima. Bibi ya Papa Mumba ameombea mapipa akiwa upande wake wa uzio, kwa sauti, kwamba mashetani wa mavi watoke. Nimeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko yake.

Jumatatu, 22 Agosti

Mshale umelala. Sifuri.

Maji yananuka kuliko kabla. Yana rangi ya kijani. Sahani zimekuwa nyeusi. Tope halitoi hata povu moja. Papa Mumba amepita. Amehesabu nguruwe kwa kidole.

Jumanne, 23 Agosti

Mjinga mimi. Mjinga kabisa.

Mikrobi hawakutoa kitu. Ni shaba yenyewe iliyokuwa inaliwa na maji yale, ndiyo iliyosukuma mshale. Halafu shaba ikawaua mikrobi. Mimi! Niliyepima shaba kwenye maji miaka yote ile! Shida ni kwamba hapa Likasi shaba tunazaliwa nayo. Ni waya, ni sufuria, ni bangili, ni mshahara, ni baba zetu. Ukimwambia mtu wa hapa akuletee chuma kizuri, anakuletea shaba. Hakuna anayeuliza kama inaua.

Nimemwambia Baba Kalenga. Amesema: "Maisha yangu yote, mama." Ameacha bukari, ugali wake, mezani na kwenda kukaa uani. Ningependa kumwambia kosa ni langu. Ni langu kweli. Nimechelewa kusema.

Alhamisi, 25 Agosti

Tumechimba shimo mbali na kisima, tumemwaga humo tope lililokufa, tumesugua mapipa. Mgongo wangu hauko tena.

Nimekwenda sokoni kwa fundi wa redio. Amenipa mfuko wa betri zilizokufa, amenicheka. Acheke. Ndani ya kila betri kuna kijiti cheusi cha kaboni. Kaboni haiui mtu. Nimekaa kuzivunja peke yangu, vidole vyeusi. Baada ya muda Baba Kalenga amekuja na nyundo yake, amekaa pembeni yangu. Amevikwangua vijiti, amevichemsha kwenye sufuria yangu nzuri. Sufuria ya shaba. Ameangalia sufuria, ameniangalia, tumecheka mpaka machozi.

Ijumaa, 26 Agosti

Sasa nahitaji mikrobi hai. Tope la banda langu ni changa, mara hii sitaki kubahatisha. Choo kizee kuliko vyote mtaani ni cha Papa Mumba.

Nimekwenda. Nimesimama wima mbele ya mlango wake na ndoo mbili, nikasema nimekuja kuomba mavi. Alidhani namtukana. Nimemweleza. Amezitazama ndoo zangu. "Weye mama, weye iko na kichwa ya ngumu." Halafu amecheka. "Beba. Beba yote."

Nimebeba ndoo nane. Nimepita mbele ya watu wote, kichwa juu.

Jumapili, 11 Septemba

Joto limekuja, na mikrobi wanapenda joto. Mshale unapanda polepole, kila siku kidogo, na haurudi nyuma. Tope linatoa mapovu. Harufu imebadilika, inanuka udongo sasa. Sisemi kitu kwa mtu. Naogopa kusema.

Jumapili, 18 Septemba

Mapipa manne kwa mfuatano. Baba Kalenga amevuta waya kupitia dirishani mpaka ukutani. Tumengoja kengele ya parokia ya saa sita, amepanga mishale ya saa, ameunga waya.

Tik. Tik.

Ameketi chini ya saa yake mpaka saa nane, mikono magotini, na viatu vya kazi miguuni. Sijui alivivaa lini.

Jumamosi, 1 Oktoba

Mawingu tangu asubuhi. Papa Mumba amekuja na watu kumi hivi, wengine na kamba. Kamba! Madamu amelala, tumbo chini, hajui kitu.

Amesema hataki mambo ya saa. Saa haimnyweshi mtu. Anataka kuona maji.

Sikubishana. Nimeingia ndani, nimetoa sandukuni blusi yangu nyeupe ya labo, koti langu la kazi. Niliyoitunza kwa siku watakayofungua labo. Nimechota maji pale yanapotoka kwenye matete, nimejaza beseni mbele yao wote, nimeloweka blusi, nimefua. Bila sabuni. Nimekamua. Nimeanika kwenye uzio, upande wa Papa Mumba.

Tumengoja ikauke. Hakuna aliyeondoka. Bibi ya Papa Mumba ndiye aliyeishika wa kwanza. Ameigeuza, ameangalia mikono, ameangalia kola. Halafu ameileta puani, bila kitambaa.

"Haina kintu," amesema.

Watu wa kamba wameanza kuondoka mmoja mmoja. Nimeivaa ile blusi siku nzima. Hata nguruwe nimewalisha nikiwa nimeivaa.

Alhamisi, 13 Oktoba

Mvua ya kwanza, mchana. Nimefuata mfereji mpaka kisimani na mwavuli uliotoboka. Maji yamepita vizuri. Madamu amezaa tisa, wote wanatembea.

Tulikuwa tumekaa barazani wakati Papa Mumba alipoita kutoka kwake. "Mama Labo! Iko saa ngapi?" Habari ya nguruwe hakuitaja.

Baba Kalenga ameinuka, ameingia ndani, amerudi. "Saa nane na dakika kumi."

"Na mikrobi ni ya kwako, Papa," nimeongeza mimi.

Kisha nimemsikia akimwambia bibi yake saa nane na dakika kumi, taratibu, kama mtu anayesoma barua. Nimekwenda kuhamisha maji.