Sifuri kwa Ufuo wa Idjwi

Jumanne.

Sifuri. Neema wangu, anayeshinda batoto wote wa darasa lake kwa kuandika, amepewa sifuri kwa kusimulia vile mama yake alizunguka kisiwa cha Idjwi kwa pikipiki ya kukodi mpaka ufuo usio na mtu. Mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: umenakili, mtoto wa kambi ya wakimbizi ataujulia wapi ufuo.

Niliacha cherehani, nikapanda kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, hadi shuleni.

“Mwalimu, hakunakili. Safari ile njo yangu, na yeye alikuwa tumboni.”

Akaniangalia viatu. “Amai,” ndivyo huku wanavyoita mama, “na mchanga ulikuwa mweupe hivi alivyoandika?”

“Kama unga wa mahindi wa nsima.”

Akafuta sifuri, akaweka kumi na nane kwa ishirini. Ijumaa Neema atasoma mbele ya shule nzima. Mtoto niliyezaa mi mwenyewe.

Lakini hasira haijaisha. Angekuwa mtoto wa mwenye duka kule mjini Old Town, nani angemwita mwizi?

Ila ule mchanga... Yalikuwa mawe meusi matupu. Nilitapika njia nzima, dereva akanishusha pale ninawe uso, basi.

Jioni Neema ameniomba, siku tukirudi kwetu nimpeleke pale kwanza. Nimeitika.